Barua ya Mbwa Asiye na Ugomvi na Mtu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nikianza na wa wengine nitaonekana malaika. Nikiwa kidato cha tatu niliuchukua mhuri wa jumuiya kwenye kabati la mama, nikamgongea mbwa barua ya utambulisho. Narudia, mbwa. Mwenye mkia na viroboto.

Kwa wasioyajua mambo ya Kikatoliki ya huku kwetu Sumbawanga: jumuiya ni nyumba chache za majirani wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, kwa zamu, leo kwenu kesho kwetu. Ukitaka kufunga ndoa, kubatiza mtoto, hata kuzikwa na padri, parokia inakudai barua ya jumuiya. Katibu anaandika kwamba fulani tunamfahamu, anahudhuria sala, hana ugomvi na mtu, kisha anagonga mhuri. Katibu wa jumuiya yetu alikuwa mama yangu.

Mhuri ulikaa kwenye kopo la kahawa lisilo na kahawa, juu ya kabati la vyombo. Mama hakuugonga kwa kujuana. Mjomba wangu, mdogo wake wa tumbo moja, zamani akiwa bado anaishi mjini hapa, alikuja na kuku mkononi kuomba barua ya kumbatiza mtoto wake. Mama alifungua daftari la mahudhurio, akamwonyesha jinsi mstari wake ulivyo mweupe, akamwambia amrudishe kuku bandani na Jumamosi aje kusali. Mjomba alisali miezi mitatu mfululizo ndipo akapata barua. Tangu siku hiyo akawa akisema kwamba mhuri wa dada yake ni mgumu kuliko wa serikali. Mkumbuke hilo neno, maana mimi nililikumbuka wakati usiofaa.

Sasa mbwa. Njiani kwenda shule kuna nyumba ya mzee mmoja tunayemwita bwana mifugo mpaka leo, ingawa serikali ilishamuaga kwa keki na godoro. Nyuma ya nyumba ana banda la nguruwe lisilo na nguruwe. Humo anaweka mbwa waliotupwa, wa sokoni, wa stendi, wa wenye nyumba waliohama. Anawachanja, anawalisha pumba na dagaa, anawatafutia nyumba. Tabu yake moja ni kwamba mzee huyu hajui kuuza kitu. Mtu akija kutaka mbwa, bwana mifugo anamsomea makosa ya mbwa huyo kama hakimu.

Aliyekuwa na makosa mengi kuliko wote ni dume moja la rangi ya vumbi, masikio makubwa kama majani ya maboga. Nilimpa jina ambalo siliandiki hapa kwa sababu ni la mwalimu aliye hai na bado anasahihisha daftari zangu. Bwana mifugo akifika kwake alianza hivi: huyu anamchukia mtu yeyote aliyevaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, kuna mtu alimpiga nazo akiwa mdogo, fagio pia asilione, ukipaza sauti anajikojolea kwanza, halafu anauma, nguo kwenye kamba anachana, usimshike mgongoni ukitokea nyuma. Kisha anamalizia, kwa uso wa furaha kabisa, kwamba mengine yote ni mbwa mzuri. Mgeni anauliza mengine yapi, bwana mifugo anafikiri, na mgeni anaondoka na mbwa wa chumba cha pili.

Mimi nilianza kusimama pale kwa upuuzi tu. Nilikuwa napanda kwenye jiwe nje ya wavu nawahutubia mbwa kwa sauti ya mkuu wetu wa shule asubuhi mstarini: nidhamu imeshuka, wapo wanaokuja hawajachomekea, majina ninayo. Mbwa wote walibweka, washikaji zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yule wa rangi ya vumbi hakubweka. Alikaa, akainamisha kichwa upande, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna kiumbe aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho. Nikaanza kumbebea makande ya shule kwenye mfuko wa plastiki. Wiki ya tatu aliegemeza sikio lake kwenye wavu, nikalikuna kwa kidole kimoja, akafumba macho. Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa kuchekesha watu, nisingeanza kuonekana nabembeleza mbwa.

Mwezi wa tisa, ule upepo wetu unaopeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria, yule mbwa alitoroka bandani asubuhi akamkuta muuza maziwa, kijana wa wafugaji, anashuka kwenye baiskeli. Kijana alikuwa amevaa gambuti. Bahati nzuri gambuti lilikuwa la mpira mgumu, meno hayakufika kwenye nyama, lakini maziwa yote yalimwagika barabarani na mwenyekiti wa mtaa akaja. Alisema mwisho wa mwezi mbwa yule awe amepata nyumba nje ya mtaa, au achomwe sindano ya kumuua. Bwana mifugo hakubisha. Chupa ya dawa anayo mwenyewe, kwenye friji, na alinionyesha ili niache kuuliza.

Wiki ya mwisho ya mwezi wafugaji wa bondeni, kule Ilemba, walimwita kutibu ng'ombe siku mbili. Aliniachia ufunguo wa banda. Kwa miaka yangu yote duniani hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniachia ufunguo wa kitu chochote, na sababu zao zilikuwa nzuri.

Ijumaa hiyo ndipo nilipoandika barua. Niapisheni mnavyotaka, nilianza kwa utani. Niliandika:

"Yah: Utambulisho wa muumini. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mkazi wa mtaa huu na mwanajumuiya hai. Anahudhuria sala, na ukianza wimbo huimba kuliko wote. Hana ugomvi na mtu. Hajawahi kumuuma mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Naomba apokelewe na apewe huduma zote anazostahili."

Mama alikuwa shambani. Nilipanda kwenye stuli, nikafungua kopo la kahawa, nikagonga. Nikaitia barua kwenye mfuko wa plastiki nikaining'iniza kwenye mlango wa chumba cha yule mbwa. Washikaji waliisoma kwa sauti ya padri. Siku ile nilikuwa mtu maarufu kuliko mpira.

Kesho yake, Jumamosi, mjomba alitoka Matai anakoishi sasa, akaleta maharage mjini. Alinikuta nyumbani peke yangu, mama akiwa kwenye sala ambako hata mimi nilipaswa kuwa. Akasema ng'ombe wake wanasumbuliwa na fisi, anatafuta mbwa, je yule mzee bado anao? Zilibaki siku tatu mwezi uishe. Nilimpeleka mbio mpaka akauliza kama tunafukuzwa.

Aliwapita mbwa wote akasimama mbele ya yule, kwa sababu ndiye mkubwa. Mbwa alikaa kimya anatutazama. Mjomba alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Akaisoma barua, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikaisha, akaisogeza karibu na macho.

"Huu si mhuri wa dada?"

"Ndiyo wenyewe, mjomba."

"Kwa hiyo dada anamjua huyu mbwa. Hili la kutouma ni kweli?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mawili tu: nimetania, mjomba. Lakini nilimtazama mbwa, nikakumbuka chupa kwenye friji, nikakumbuka pia yule kuku aliyerudishwa bandani.

"Mjomba, wewe mwenyewe unaujua mhuri wake," nikasema. "Angegonga kitu asichokijua?"

Hakuuliza tena. Nilimpa kadi ya chanjo, akasaini kwenye daftari la bwana mifugo, na barua akaikunja na plastiki yake akaitia mfuko wa shati, anasema atawaonyesha watu wa Matai wacheke. Nilimshika mkono kabla hajapanda gari. Nikamwambia sikukuu ya Krismasi nakuja kumwona, aniahidi atakuwepo. Mjomba akanipiga bega, akasema yeye si mtu wa kutupa kiumbe, atamlea kama ndama. Mbwa alikuwa nyuma ya pikapu kati ya magunia matupu, amelaza masikio. Alinitazama gari linaondoka mpaka likakata kona. Nilimkonyeza, mimi huyo, kama vile tumefanikisha jambo letu sote wawili.

Bwana mifugo aliporudi nilimwambia mjomba ameelezwa makosa yote, moja moja. Akashangaa. Akasema huyo mjomba wako ni mtu wa pekee. Nikakubali.

Basi nikawa napiga simu kila Jumapili jioni, kwa simu ya mama, nikidai namsalimia mjomba. Na mjomba alikuwa anasimulia vizuri, hilo nampa. Jumapili ya kwanza mbwa amezoea, amelala mlangoni kama askari. Ya pili amemfukuza fisi mpaka mtoni. Ya tatu watoto wanampanda mgongoni. Moyoni nikawaza, kumbe mgongo sasa anaruhusu, labda ni hewa ya Matai. Mwezi wa kumi katikati akanisimulia jinsi alivyokimbiza ngedere waliokuwa wanakula mahindi shambani, mmoja akaangusha gunzi akakimbia analia. Nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia washikaji, nikaigiza na ngedere mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa mkulima, Mfipa wa baba na mama. Mwezi wa kumi Ufipa nzima hakuna hindi shambani, tumeshavuna zamani, shamba ni mavumbi na mabua. Nililijua hilo kuliko ninavyojua jedwali la kuzidisha. Lakini hadithi ilikuwa tamu, na mtu akikupa unachokitaka huangalii mwezi.

Shule ilipofungwa nilipanda basi kwenda Matai nikiwa na mfuko wa vichwa vya dagaa uliowafanya abiria wanitafute kwa pua. Nilifika mchana, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Chini ya mti palikuwa na mnyororo umefungwa mbuzi. Mke wa mjomba alikuwa anapepeta ulezi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikauliza mbwa yuko wapi.

"Mbwa yupi?" akasema. "Yule wa kwenu? Yule hakumaliza wiki hapa."

Alinieleza bila kuacha kupepeta, hakujua kwamba mimi sijui. Siku ya tano mama yake mzazi alikuja kusalimia akitokea bondeni kumwagilia bustani, amevaa gambuti. Mbwa alimkamata mguu, juu ya buti, penye nyama. Mama mkwe. Huku kwetu mkwe unamwamkia kwa kuinama, humpi hata kiti kwa mkono mmoja, na mbwa wa mkwewe ndiye amemng'ata mbele ya wajukuu. Ilibidi aende kuchomwa sindano mara kadhaa ingawa kadi ya chanjo ilikuwepo, na mpaka leo akifika pale anasimama barabarani anaita kwanza.

Mjomba alirudi jioni. Alinikuta nimekaa kwenye kinu na mfuko wangu wa vichwa vya dagaa. Alijua palepale. Sikumwamkia, na hilo kwangu lilikuwa tusi kubwa kuliko yote niliyoyajua.

Nilimuuliza mbwa yuko wapi. Akasema kuna mtu wa pikapu alikuwa anakwenda Kasanga, ziwani, alimpa. Nikamuuliza kama alimwambia huyo mtu juu ya gambuti, juu ya mkwe. Akaanza kukwangua udongo kwenye jembe lake.

"Na barua je?" nikasema.

"Nilimpa na barua. Nani angemchukua bila barua?"

Nikamuuliza na ngedere, na fisi, na watoto mgongoni. Kila Jumapili, mjomba. Nilijaribu kuigeuza sauti iwe ya utani, ikakataa. Aliweka jembe chini polepole.

"Ulinichekesha wewe kwanza, mjomba," akasema, maana mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Mimi nilimpeleka mkwe wangu hospitali, natafuta nani aliniambia huyu mbwa hang'ati. Nikaona nikikuambia ukweli itabidi nimwambie na dada yangu. Ningemwambia nini? Kwamba mhuri wake ulinidanganya, au kwamba mtoto wake ni mwongo? Nikachagua ngedere."

Nilirudi Sumbawanga kesho yake. Ndani ya basi nilikuwa na hasira ya kutosha kulisukuma basi lenyewe. Nilimchukia mjomba, nikapanga jinsi nitakavyomshitaki kwa mama, nikatafuta maneno. Kila nilipoyapanga, neno la kwanza katika sentensi lilikuwa barua. Sikuweza kumshitaki bila kujishitaki. Nadhani hakuna kuonewa kubaya kama kule unakoonewa halafu huna pa kulalamika kwa sababu ushahidi una mwandiko wako. Nikamwambia mama Matai wazima, wanakusalimia. Akauliza mbona hukukaa Krismasi. Nikasema chakula chao hakina chumvi.

Krismasi ilipita. Mwezi wa kwanza mvua ikawa ya kila siku, na kabla shule hazijafunguliwa kazi yangu ikawa kupalilia mahindi, tope mpaka magotini. Nilikuwa napita mbele ya nyumba ya bwana mifugo natazama upande mwingine. Yule mbwa kule ziwani hata sikuweza kumfikiria vizuri. Nilikuwa namwona amesimama kwenye mchanga anamsubiri mtu wa kumhutubia.

Siku moja nilitoka shamba kama saa nane mchana, jembe begani, nimelowa. Nilipoingia uani nilimwona bwana mifugo amesimama karibu na mti wa parachichi, koti lake la mvua limefungwa mpaka shingoni, mkoba wa dawa mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa khanga ya kutokea, viatu vina tope jipya. Kwenye mti palikuwa na mbwa amefungwa kamba.

Sikio moja lilikuwa limebaki nusu. Shingo ilikuwa na mstari mwekundu wa waya. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kule Kasanga, nilikuja kuelezwa, mtu wa pikapu alimpa mvuvi, mvuvi akampa mwenye duka, na kila mmoja aliisoma barua, akaamini, akang'atwa, akampiga, akampa mwingine pamoja na barua. Wa mwisho ni dereva wa gari la samaki aliyeambiwa mjini kuna mzee wa mbwa. Alikuwa amemteremsha kwa bwana mifugo asubuhi, barua ikiwa ndani ya plastiki yake ileile, imefungwa shingoni.

Nilimsahau mama, nikasahau mkoba wa dawa. Nilidondosha jembe nikaenda kwake moja kwa moja. Nikamwita kwa jina la mwalimu. Nikanyoosha kidole kimoja, kile kile.

Alijikojolea. Halafu akaruka mpaka kamba ikamkaba, meno yote nje, na yale macho hayakuwa ya kunisikiliza hotuba. Nilirudi nyuma nikaanguka kwenye tope nikakaa hapo hapo. Mjomba kunidanganya niliweza kuvumilia. Huyu nilikuwa nimeiba mhuri kwa ajili yake. Nilimwona amenisaliti kuliko wote, na nilikaa kwenye tope nikimchukia mbwa.

Bwana mifugo hakunipa mkono.

"Mimi huwa nawaambia watu kila kitu," alisema. "Ndiyo maana mbwa wangu hawaondoki. Lakini wakiondoka, hawarudi. Nilikuachia ufunguo." Kisha akamgeukia mama, kwa upole, akamwambia kwamba mbwa aliyerudi namna hii yeye hamtafutii tena nyumba. Amemleta tu ili mwenye mhuri amwone kabla ya sindano. Akaushusha mkoba chini, akaanza kufungua kifungo.

Barua ilikuwa magotini kwa mama, ameinyoosha, na nilijua kwa tope la viatu vyake kwamba ametoka mahali. Aliisoma tena yote, taratibu, midomo ikichezacheza, kama anavyosoma maombi ya mtu asiyemfahamu. Nilisubiri fimbo. Fimbo ningeielewa. Akaikunja barua, akamwambia bwana mifugo afunge mkoba wake, ahsante kwa kuja, mvua inarudi. Mzee alimtazama, akamtazama mbwa, akaufunga.

Ndipo mama akanigeukia. Hakupaza sauti, na sasa najua kwa nini hakupaza. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Mhuri nimeurudisha kwa mwenyekiti wa jumuiya, na nimewaambia wote nani aliugonga. Huyu haondoki hapa mpaka kila kilichoandikwa kwenye hii karatasi kiwe kweli, na kama ni miaka, ni miaka yako. Sasa vua hayo magambuti, unamtisha mtoto wa watu."